Jasusi mrembo wa vichekesho na mdogo wako wa masjala

Swali hili limetoka kwa dada mmoja wa Lindi Mjini:

"Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp tunarushiana sana vichekesho vya wale wakubwa wa nje wanaotongozwa mtandaoni na majasusi warembo mpaka wanamwaga siri za serikali. Mdogo wangu wa kiume ni mtunza kumbukumbu, yuko masjala katika ofisi moja ya umma huku kusini. Tangu Ramadhani ana rafiki wa kike Facebook, anasema ni muuguzi wa Ulaya. Sisi tunamtania kila siku, 'jasusi wako kaamkaje?' Naye anacheka na sisi. Juzi kaniambia, kama kwa kupitia tu, kwamba yule mwanamke kamuuliza kama barua za wawekezaji zinapita mikononi mwake. Je, tunacheka jambo la hatari? Na mtu mdogo kama yeye atatafutwa na nani?"

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalowalaza wengi usingizi. Mdogo wako si mtu mdogo hata kidogo. Itazame siku yake moja ya kazi. Barua ikiingia anaipokea yeye, anaisajili, anaiweka kwenye jalada lake, analipeleka jalada kwa mkuu, linarudi na maelekezo, analihifadhi. Mkuu wa idara anaona mambo ya idara yake tu, lakini mtu wa masjala anaona ya ofisi nzima. Hata asiposoma mstari mmoja wa ndani, anajua nani kamwandikia nani, lini, na jalada gani limetoka wiki iliyopita na halijarudi. Mtu anayetaka kujua ofisi inapika nini hana haja ya kumsumbua mkurugenzi anayelindwa na kushauriwa kila saa. Atamtafuta aliyeshika majalada.

Na jambo hili ni la zamani kuliko simu janja. Wakati wa Vita Baridi, ujasusi wa nje wa Ujerumani Mashariki chini ya Markus Wolf ulikuwa ukiwatuma wanaume wenye maneno matamu kwenda Bonn, uliokuwa mji mkuu wa Ujerumani Magharibi. Waliowalenga hasa walikuwa makatibu muhtasi, wanawake wengi wao wakiishi peke yao, waliokuwa wakipiga chapa barua za wakubwa. Wasovieti nao walitumia mbinu hiyohiyo: Margret Höke, katibu katika ofisi ya Rais wa Ujerumani Magharibi, alikamatwa mwaka 1985 baada ya miaka mingi ya kumpa nyaraka mwanaume aliyempenda, kumbe ni mtu wa KGB, shirika lao la ujasusi. Kwa hiyo mkiona kwenye vichekesho kwamba anayenaswa siku zote ni mzee mwenye nyota begani, na anayenasa siku zote ni msichana, jueni mnaonyeshwa kipande kidogo cha picha.

Unaweza kuniambia huku kwetu hakuna makombora. Ni kweli, ila ziko siri nyingine. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, Mkoa wa Mtwara, kilishambuliwa na watu wenye silaha waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Tangu hapo, ratiba ya doria ya mtoni ni jambo la uhai wa watu. Kuna gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo, na kuna mradi mkubwa wa gesi ya kimiminika unaopangwa Likong'o, hapohapo Lindi, ambao mazungumzo yake yamechukua miaka. Katika mazungumzo ya namna hiyo, kujua upande wa pili umeandika nini kabla haujakaa mezani ni fedha nyingi. Kuna zabuni. Kuna majalada ya watumishi na ya wagonjwa. Kuna msimu wa korosho, ambapo anayejua kitu mapema anawazidi wenzake wote waliosubiri tangazo. Barua za wawekezaji alizoulizwa mdogo wako zimo humohumo.

Sasa vichekesho. Navijua, navipokea pia. Kuna ile ya kijana anayelalamika kwamba majasusi warembo wanambagua, mbona yeye hawamtumii ujumbe, na yuko tayari kuwapa mpaka nywila ya intaneti ya nyumbani. Kuna ile ya mazungumzo ya kutungwa: "Umeamkaje mpenzi? Umekunywa chai? Boti ya doria inatoka saa ngapi?" Nimecheka kama ulivyocheka wewe, maana inachekesha kweli. Inachekesha kwa sababu swali limekaa uchi katikati ya mahaba, na sote tunajiona kwamba sisi tungeligundua papo hapo.

Lakini soma tukio lenyewe. Machi 2024 serikali ya Marekani iliweka hadharani mashtaka dhidi ya David Franklin Slater, luteni kanali mstaafu, umri wake miaka 63. Baada ya kustaafu jeshini alipata kazi ya kiraia katika Jeshi la Anga, kwenye kamandi inayosimamia silaha za nyuklia, kambi ya Offutt, jimbo la Nebraska. Alikuwa akihudhuria vikao vya siri kuhusu vita vya Urusi na Ukraine. Wakati huohuo, kati ya Februari na Aprili 2022, alikuwa akichati kwenye mtandao wa kutafuta wachumba na mtu aliyejitambulisha kuwa mwanamke anayeishi Ukraine. Julai 2025 alikiri kosa mahakamani. Jumbe za huyo "mwanamke" zimo kwenye hati ya mashtaka, na ndizo zilizozaa vichekesho vingi mnavyorushiana. Alimuuliza: mpenzi, kwenye skrini za kile chumba maalumu wanaonyesha nini? Inavutia sana. Siku nyingine akamwambia ni vizuri kwamba yeye anazipata habari mapema, na kwamba anatumaini atamweleza mara moja. Halafu akaongeza kwamba Slater ni "jasusi wake wa siri".

Hapo ndipo nataka utulie, dada. Mtegaji mwenyewe ndiye aliyeleta utani wa ujasusi. Alimwita mtu wake jasusi, kwa mahaba, kama vile nyinyi mnavyomtania mdogo wenu. Ukishalitaja jambo kwa mzaha, linapoteza makali yake. Mtu anajibu swali la kweli huku moyoni akijiambia wanacheza. Akija kushtuka, ameshasema mengi, na kila alilolisema lilisemwa kwa kicheko. Mdogo wako anaupata mzaha huohuo kutoka pande mbili, kwa mgeni na kwa ndugu zake. Siku swali baya litakapokuja, litafika likiwa limevaa nguo ya utani aliyoizoea.

Tena angalia katika jumbe zile kilichokosekana. Katika zilizotangazwa, uzuri wa mwili haukufanya kazi kubwa. Kilichofanya kazi ni sifa. Wewe unajua kabla ya wengine, wewe ni wa thamani, asante kwa habari muhimu. India nako, Mei 2023, alikamatwa Pradeep Kurulkar, mkurugenzi wa maabara moja ya utafiti wa kijeshi mjini Pune, na hati ya mashtaka ikadai kwamba alikuwa akijigamba kuhusu makombora ya nchi yake mbele ya akaunti iliyojiita Zara Dasgupta, mhandisi wa programu anayeishi Uingereza. Hawa ni watu waliosoma, wenye vyeo. Mtu wa masjala, ambaye kwa mwaka mzima huenda hajasikia hata "ahsante" kazini, akipata mtu anayemuuliza kila jioni siku yake imeendaje, atafunguka. Mimi nafundisha watumishi usalama wa taarifa, na wengi wanaonifuata pembeni baada ya mafunzo hawaanzi na habari za tamaa. Wanaanza na upweke wa kituo cha kazi: amehamishwa mbali, familia imebaki kwao, jioni ni ndefu.

Kwa hiyo usimpime huyo muuguzi kwa picha zake. Picha zinaibwa, na siku hizi zinatengenezwa na kompyuta. Usimpime kwa Kiswahili au Kiingereza chake. Mashine za kutafsiri zimekuwa nzuri, ule uandishi wa ovyo tuliokuwa tunaugundua zamani umepungua. Hata simu ya video isikupe uhakika, sura inaweza kubadilishwa mtu akiwa anazungumza. Pima mazungumzo yanaelekea wapi. Nitakupa mfano niliouunda kwa kufuata mwenendo ninaoufahamu:

"Umekula?"
"Bado, kazi nyingi leo."
"Pole jamani, wanakutesa. Kulikuwa na nini?"
"Wageni kutoka Dar."
"Kumbe na wewe unapokea wageni wakubwa! Wa mambo gani?"
"Aa, ya kiofisi tu."
"Sitaki siri zako, nataka kukujua. Nitumie picha ya unapokaa, nijue mpenzi wangu anashinda wapi."

Ukisoma ujumbe mmoja mmoja, hakuna kibaya. Mchumba wa kweli naye angeuliza umekula. Ila soma yote kwa pamoja uone kila pole inavyoishia kwenye kazi, na picha iliyoombwa mwishoni itaonyesha meza, na juu ya meza kuna jalada lenye kichwa chake kinachosomeka. Kisha fanya jaribio dogo: mdogo wako amweleze jambo la nyumbani, mama anaumwa mgongo au mtoto wa dada amefaulu. Mtu anayempenda atakaa hapo kidogo. Anayevua siri atasema pole, na baada ya sentensi mbili atarudi kwenye jalada.

Wapo pia wasiouliza chochote. Desemba 2009 mtaalamu wa usalama wa Marekani, Thomas Ryan, alitunga mtandaoni msichana wa miaka 25, Robin Sage, akampa kazi ya uchambuzi wa masuala ya usalama. Katika muda usiofika hata miezi miwili, watu wapatao 300, wengi wao wa jeshi, ujasusi na makampuni ya ulinzi, walikuwa wameunganishwa naye, na wengine wakamwalika chakula cha jioni. Picha za askari mmoja aliyekuwa Afghanistan zilikuwa zimebeba ndani yake taarifa za mahali zilipopigwa. Msichana hakuhitaji kuuliza. Na kwa askari wa Israel, mwaka 2018, jeshi lao lilieleza kwamba akaunti za wasichana feki walizodai ni za Hamas ziliwashawishi wapakue programu za kutafuta wapenzi, GlanceLove na WinkChat. Programu ikishaingia, simu yenyewe ndiyo inayosimulia: kamera, maikrofoni, mahali ulipo. Kwa hiyo muulize mdogo wako mapema kama huyo muuguzi amewahi kumwomba apakue programu "ya kuchati vizuri zaidi" nje ya Facebook au WhatsApp. Kama amepakua, asikimbilie kuifuta. Aizime simu, aipeleke kwa mtu wa TEHAMA wa ofisi kama ilivyo.

Huenda unajiuliza alimpataje. Mara nyingi sisi wenyewe tunaacha mlango wazi. Picha ya semina mbele ya bango lenye jina la ofisi, kitambulisho kikining'inia shingoni. Na hivi vichekesho navyo vimo, hili naomba mlichukue kwa uzito. Nenda kasome maoni chini ya klipu moja ya "jasusi mrembo" TikTok au Facebook. Utaona watu wanaandika: mimi niko bandarini, anitafute, mimi niko uhamiaji, siri ninazo, mimi nipo halmashauri fulani, aje na nauli. Wanacheza. Lakini anayetafuta watu wa bandari na uhamiaji ameandikiwa orodha bila kutoa jasho, tena ya watu waliotangaza wenyewe kwamba wako tayari kutaniwa. Mwambie mdogo wako apitie alichowahi kuandika chini ya klipu hizo.

Nifike kwenye lile linaloniuma hasa. Aprili 2024 mbunge wa Uingereza, William Wragg, alikiri kwamba alikuwa amempa mtu aliyekutana naye kwenye programu ya kutafuta wapenzi namba za simu za wenzake. Alieleza kwamba mtu yule alikuwa na mambo ya kumwaibisha, na kwamba aliogopa. Mbunge, mwenyekiti wa kamati, katika nchi yenye vyombo vyote vya kumlinda, aliona ni nafuu kutoa namba za wenzake kuliko kufungua kinywa. Aibu ina nguvu hiyo. Na aibu inakua kwa chakula tunachoilisha. Kila kichekesho kinachosema aliyenaswa ni mjinga, mzee mwenye uchu, asiye na akili hata ya kuku, kinamwambia aliyenaswa leo usiku kwamba akisema atakuwa yeye wa kuchekwa kesho. Naye atanyamaza. Katika kunyamaza huko ndiko siri inakoendelea kutoka, wiki baada ya wiki.

Nyinyi mmekulia kusini, utani mnaujua kuliko mtu wa kuufundisha. Mtani wa kweli anakutania usoni, na wewe una haki ya kumjibu. Tena msiba ukikupata ndiye wa kwanza kufika na kushika kazi. Utani wetu haujawahi kuwa ruhusa ya kumwacha mtu peke yake. Kwenye kundi lenu mdogo wako anacheka, lakini hebu fikiri, angejibu nini zaidi ya kucheka? Na bado alikuja kwako na lile swali la barua za wawekezaji, akalisema kwa kupitia tu. Naamini alikuwa anapima kama ukimsikia utacheka. Mlango huo bado uko wazi. Usichelewe.

Muite peke yake, mbali na simu za watu. Usianze na neno jasusi. Mwambie umelifikiria lile alilokueleza na kwamba alifanya vizuri kukueleza. Kisha uliza, usihukumu: ameshamwambia nini kuhusu kazi, ameshatuma picha gani, ameshaombwa fedha au kutumiwa hadithi ya mzigo uliokwama forodhani? Maana nataka nikutoe hofu upande mmoja: wengi wa "wauguzi wa Ulaya" wanatafuta fedha, hawana habari na serikali. Ila tapeli wa fedha akijua amempata mtu wa masjala, anaweza kugeuza biashara. Na kama zipo picha za utupu mkononi mwake, vitisho vitakuja, na vitisho vikija asilipe hata shilingi. Aliyelipwa mara moja hurudi.

Mazungumzo yasifutwe. Najua mkono utamwasha kuyafuta, kwa aibu, lakini hayo ndiyo yatakayoonyesha aliulizwa nini na alijibu nini, na kama hakujibu, ndiyo yatakayomtetea. Aache kujibu, basi. Asimuage, asimtukane, na msimshauri kamwe amlishe huyo mtu habari za uongo ili "kumkomoa". Nimesikia watu wakisimulia hilo kama ushujaa. Anayejua kusikiliza hujifunza kutoka kwenye uongo pia, na mdogo wako atabaki kwenye kumbukumbu kama mtumishi aliyekuwa akituma habari za ofisi nje.

Halafu aende kwa mkuu wake wa kazi yeye mwenyewe, na simu yake. Aseme: mtu huyu ameniuliza kuhusu barua za wawekezaji, mazungumzo haya hapa. Kama alishatoa kitu, aseme na hilo. Sitakudanganya kwamba halitakuwa na gharama. Tunayo Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na mtumishi anafungwa na maadili ya kazi yake. Lakini ofisi iliyoambiwa mapema inaweza kubadilisha nywila, kulihamisha jalada, kuwaonya waliotajwa. Ofisi iliyogundua yenyewe baada ya miezi sita itakuwa na swali moja tu kwake: kwa nini ulificha? Kama kuna vitisho au fedha, apeleke taarifa polisi. Namba za hapa nchini zilizotumika kumtapeli zinaripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Na kama aliwahi kumtumia picha ya kitambulisho cha NIDA, apige *106# aangalie kama kuna laini zilizosajiliwa kwa jina lake ambazo hazijui.

Kuhusu kundi la familia, sikwambii mpige marufuku vichekesho. Ile ya boti ya doria itawafundisha watoto wenu kuliko hotuba yangu, kwa sababu inamcheka mtegaji na maswali yake. Achaneni na zile zinazomcheka mtegwa, na hasa muondoe "jasusi wako kaamkaje". Hilo liondoke kimyakimya, bila tangazo, asije akaelewa kwamba kuna kilichojadiliwa nyuma ya mgongo wake. Wewe ndiye dada mkubwa, ukiacha kulisema wewe, wadogo wataacha.

Mkishazungumza, niandikie yeye amekueleza nini kuhusu programu aliyoombwa kupakua, maana hapo ndipo ushauri wangu unaweza kubadilika. Jina lake usilitaje, wala la ofisi, wala namba ya simu ya huyo muuguzi.